Ukurasa wa Thelathini na Moja

Tulifika Tanga Jumatatu, watu wanne, kompyuta sita,
mashati bado na mikunjo ya begi.
Rwegoshora akaupima kwa macho ukuta wa chumba cha mikutano,
akasema, hapa projekta itakaa vizuri.
Nyuma ya ukuta ule kiwanda cha kamba kilinguruma.
Hakuna aliyeuliza kinasema nini.

Mimi mzaliwa wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
lakini wasifu wangu unasema "mchambuzi",
na mchambuzi hana mtaa.
Wiki nzima nilikula hotelini
ilhali bada ya shangazi iko dakika nane kwa baiskeli.
Nane kamili. Nilizipima.

Nilisimama nyuma ya wasokotaji, saa mkononi:
kuvuta uzi, sekunde kumi na moja,
kufunga fundo, nne,
kujifuta jasho, tatu,
hizo ziingie "muda usio na tija".
Nasi tunajipima, usidhani.
Kila robo saa yetu ina namba ya mteja.
Usiku wa manane, chai imepoa, macho yanawasha vumbi la katani,
najaza jedwali la siku yangu
na robo moja siioni ilikokwenda.

Tuna lugha yetu. Mtu ni kichwa.
Vichwa vikizidi, vinaoanishwa.
Bibi yangu angedhani tunafungisha ndoa.

Tukagawa fomu, mia mbili na sita, zisizo na majina.
Swali la tisa: Unaionaje kazi yako?
Weka alama, moja hadi tano.
Fomu moja ilirudi visanduku vitupu,
na pembeni, kwa wino wa kijani:

    Mwaniuliza wageni, kazi naiona vipi,
    Moja, mbili, tatu, nini, nitie alama ipi?
    Ishirini kiwandani, miaka itoshe wapi?
    Mkiondoka mjini, jibu nilidai wapi?

"Hii tuiingize safu gani?" Msechu akauliza,
wala hakuwa anatania.
"Hajajibu," akasema Rwegoshora. "Itoe."
Nikaitoa. Mia mbili na tano.

Fomu haina jina, lakini kalamu ya kijani
kiwanda kizima ilikuwa moja, stoo,
mezani kwa Bi Mwanakombo Semhando, mpima marobota,
yeye aliyenivuta mkono siku ya pili
akanionyesha mzani wa mlango wa kusini
unavyoiba kilo mbili kwa kila robota.
Ugunduzi huo uko ukurasa wa saba, kwa herufi nene.
Wakurugenzi waliupigia makofi.

Ukurasa wa thelathini na moja una jedwali.
Mstari wa kumi na nne: Mpima, stoo.
Kichwa kimoja. Oanisha.
Jedwali nililichora mimi.
Rangi niliichagua mimi, kijivu,
kwa sababu nyekundu, aliniambia Rwegoshora, inatisha wateja.

Waja leo, waondoka leo, ndio sisi.
Ijumaa saa nane tulikuwa tumeshaipita Muheza,
Msechu amelala, mdomo wazi,
ankara imeshatumwa.

Kwetu beti hujibiwa kwa beti.
Nikafungua kompyuta juu ya magoti
nikaanza, mizani kwa vidole, nane kwa nane,
kina cha mwisho nimepewa tayari: pi.
Kipi. Lipi. Yupi. Wapi.
Kila nililolishika likageuka swali,
yaani alinifungia mlango na ufunguo akauchukua.
Hadi Segera nilikuwa nimepata mawili tu yasiyouliza:
fupi,
na makapi.

Safari yote ile ilikuwa robo saa tatu.
Nimeziandika kwa mteja,
chini ya "uchambuzi wa maoni ya wafanyakazi".
Zimelipwa.